Baiskeli juu ya Parsele ya Mtu

Baba mkwe wangu alikuja Goma kutoka Butembo kwa ajili ya komunyo ya kwanza ya binti yetu, nami nikaapa kwamba safari hii hatarudi kwao akisema nilimkalisha nyumbani na kumlisha viazi. Neno hilo alilisema mara iliyotangulia. Alilisema akicheka, na mke wangu akacheka naye, lakini mimi ni mtu wa kukasirika haraka na kusahau polepole, kwa hiyo nilikaa nalo. Tena kulikuwa na jambo la nyuma yake. Mimi ni mtu wa Rutshuru, kwetu tunasema Kinyarwanda. Wao ni Wanande, watu wa mashamba na biashara za mbali. Ndoa yetu ilizungumzwa muda mrefu sana kabla ya kukubaliwa. Mzee mwenyewe hakuwahi kunitolea neno baya, ila nami sikuwahi kuacha kujiona kama mtu aliye kwenye mtihani. Nilitaka arudi Butembo akisema kwamba binti yake alipata mtu.

Siku hizo, upande wa ziwa, kulikuwa na bwana mmoja aliyekodisha baiskeli za umeme. Ubao wake ulikuwa umechorwa mlima unaotoa moshi, na chini yake maneno: Tembelea jangwa jeusi. Jangwa lenyewe ni lava, lile bamba la mawe meusi lililoshuka kutoka Nyiragongo mara ya mwisho mlima ulipopasuka na kukatisha barabara ya Rutshuru, juu kidogo ya Munigi. Ulikuwa umepita kama mwaka mmoja tu. Vita vilikuwa bado mbali na kambi za wakimbizi hazijajaa kule. Jumapili mchana, baada ya misa na chakula, tulimkuta yule bwana. Nikachagua baiskeli mbili, nikamwambia mzee kwamba leo atapanda mlima bila kukanyaga.

Papa, ndivyo tunavyomwita mwanamume mzima kwetu, alikuwa na koti lake la misa na kofia ya kitambaa. Mwanzoni alikataa, akasema umri wake si wa kuchezea kinga. Kinga ndiyo baiskeli kwetu. Lakini mashine ilipomsukuma mara ya kwanza, alicheka kicheko ambacho sikukijua, kicheko cha mtu aliyetekenywa. Njia nzima ya kwenda Munigi alikuwa mbele yangu, mkono mmoja kwenye kofia, akisema hii ni chukudu iliyosoma shule, maana chukudu zetu, zile za mbao za kubebea mizigo, hupanda mlima kwa jasho la mwenyewe tu. Watu wa barabarani walimpigia makofi. Mimi nyuma nilijaa majivuno mpaka koo. Nilijiona nimeshinda.

Tulipoiacha barabara na kuingia kwenye lava, nilianza kueleza. Nilieleza kila kitu, kama vile mlima niliuumba mimi. Nilimwonyesha ukungu mweupe wa kuvu ulioanza kutambaa juu ya mawe, majani madogo yaliyojitokeza kwenye nyufa, ziwa kule chini limelala, na mlima mbele yetu na wingu lake. Ilikuwa nzuri kweli. Nyeusi tupu, kimya, na upepo. Magurudumu yalikuwa yakisaga chini yetu kama mtu anayetafuna mkaa. Mahali fulani ncha ya bati lenye kutu ilikuwa imechomoza katikati ya mawe, nikamwambia Papa, kwa sauti ya mwalimu, kwamba hapa chini kulikuwa na nyumba za watu. Nilisema "kulikuwa", kama mtu anayesimulia mambo ya mababu. Papa alivua kofia. Mimi nilikuwa nimeshamwambia asogee nimpige picha.

Mbele kidogo lava ilikuwa imejikunja na kufanya ngazi iliyofika magotini. Baiskeli za umeme ni nzito kwa sababu ya betri. Mtu mmoja hawezi kuinua yake bila kukwaruza kila kitu. Papa alishuka, akakunja mikono ya koti, akasema tushike pamoja. Hapo ndipo nilipokataa. Kwetu, na kwao pia, mkwe hamwachi baba wa mke wake akabeba mzigo yeye akiwapo. Ningefanya lolote kuliko kumwona mzee yule ameinama na baiskeli mkononi, halafu neno lifike Butembo. Nikamwomba akae. Nikatazama huku na huku, nikaona mawe.

Yalikuwa mazuri, ya ukubwa wa sufuria ndogo, yamekaa kwa mstari mrefu hatua chache kutoka pale tulipokuwa. Katika Goma, ukitaka jiwe unainama tu. Tunajengea mawe, tunazungushia ua kwa mawe, tunafungia mlango kwa jiwe, tunakalia jiwe. Nikaanza kuyaokota na kuyapanga chini ya ile ngazi ili yawe daraja la kupandishia magurudumu. Hata nilimshukuru kimoyomoyo aliyeyakusanya akanipunguzia kazi. Papa alinitazama muda, kisha akaniuliza kwa upole kama mawe yale hayakuwa ya mtu.

Nilicheka. "Papa, huku Goma jiwe haina mwenyewe."

Niliumaliza mstari wote, nikapandisha baiskeli yake, nikapandisha yangu, nikafuta mikono kwenye suruali nikiwa nimeridhika na akili yangu.

Mama mmoja alitokea upande wa Munigi, na kitenge kiunoni, akitembea haraka juu ya mawe yale makali kama mtu anayetembea sebuleni kwake. Alikuwa ametuona tangu mbali. Hakupiga kelele. Alisimama pale mstari ulipokuwa, akaangalia chini, akaenda mpaka mwisho wake, akarudi, akaangalia tena. Ndipo akaniuliza kama ni mimi niliyeyaondoa, na sauti yake ilikuwa ndogo:

"Njo weye ulitosha majiwe yangu?"

Nilielewa yote kabla hajaongeza neno, na hapo ndipo aibu ilipoanza kunipanda kutoka miguuni. Maana hakuna mtu wa Goma asiyejua jambo lile. Lava ikipita juu ya mtaa, inafuta ua, miti ya mpaka, kuta, na njia. Watu wanarudi ikiwa bado inafuka, kila mmoja anatafuta parsele yake, yaani kiwanja chake, chini ya jiwe, anapima kwa kukisia kutoka ncha ya bati au shina lililoungua, wanagombana, wanakubaliana, kisha wanapanga mawe juu ya mawe. Mistari hiyo ndiyo hati yao yote. Ukiitazama vizuri unaiona kila mahali. Mimi ninapanga nyumba mtaa wa Katindo, mlima haukunigusa, na siku ile nilikuwa ninatazama mandhari.

Alitueleza akiwa amesimama, akimwelekea zaidi Papa. Mpaka ule ulipangwa mume wake akiwa hai, mbele ya shefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa, baada ya ugomvi mrefu na jirani wa upande wa juu. Kisha mume alifariki. Tangu msiba, jirani alikuwa ameanza kusema kwamba mstari ulipindishwa, lakini mawe yalikuwapo, na mawe yalimnyamazisha. Mama alikuwa ameshakata mbao za nyumba ndogo ya kuweka juu ya lava, yeye na watoto watoke kwa ndugu aliyewahifadhi. Parsele ilikuwa nyembamba. Alipima mara nyingi. Nyumba inaingia, na nyuma inabaki nafasi ya choo, basi.

Niliomba msamaha. Niliomba vibaya, kwa maneno mengi, nikieleza uzito wa betri, nikieleza habari za mkwe na mzigo, mpaka mimi mwenyewe nikachoka kujisikia. Nikasema nitayarudisha sasa hivi. Akaniuliza nitayarudisha wapi.

Wakati huo jirani alikuwa ameshafika, papa mmoja mrefu mwenye koti la mvua, na uso wa mtu aliyepata kitu njiani. Hakututukana hata kidogo. Alitusalimu vizuri, akasema basi, kwa kuwa mpaka haupo tena, afadhali uanzishwe upya kwa haki. Mama akamtazama, akatoa simu, akampigia shefu. Tulimsubiri tumekaa juu ya mawe. Papa alikuwa na rozari mkononi. Mimi nilikuwa nikizitazama baiskeli zile kwa chuki, zinang'aa katikati ya parsele ya mjane kama vitu vya maonyesho.

Shefu alikuja, mzee mpole, amechoka. Aliwasikiliza wote wawili. Mama alionyesha pale mstari ulipopita. Jirani naye akaonyesha pake. Kati ya vidole vyao palikuwa na hatua moja ya mtu mzima na kitu kidogo. Shefu alitembea pote pale akiwa ameinama, akitafuta alama, lakini lava si udongo. Kwenye udongo, jiwe likiondoka linaacha shimo na wadudu. Pale hapakuwa na kitu chochote, weusi ni ule ule, kila mahali. Mwishowe akasimama mbele yangu.

"Mwenye alitosha majiwe njo anajua kwenye ilikuwa," alisema. "Onyesha, papa. Sisi tutafwata weye."

Wote walinitazama. Sijawahi kutamani kujua kitu kama nilivyotamani wakati ule. Nilirudi kichwani mwangu mpaka nilipoinama kuokota jiwe la kwanza, nikaona mikono yangu, nikaona baiskeli, nikamwona Papa amekaa. Mstari sikuuona. Mawe niliyaona, mahali sikupaona. Mama alikuwa ananitazama machoni, wala si kwa hasira tena. Alikuwa ananiomba. Ningeweza kunyoosha kidole pale aliponyoosha yeye, na jambo lingekwisha. Lakini jirani alikuwa karibu, na ningeulizwa niape, na Papa alikuwa na rozari yake nyuma yangu. Nisijisifu ukweli hapo. Niliogopa tu.

"Sijui," nilisema.

Shefu alishusha pumzi. Akafanya kile ambacho shefu yeyote angefanya: aligawanya katikati. Jirani akashukuru, akasema yeye ni mtu wa amani, akaondoka. Mama alibaki ametazama ile nusu iliyobaki kwake. Alipiga hatua kutoka pale, akageuka, akapiga tena. Kisha akasema, si kwa mtu yeyote kati yetu, "Choo sasa nitaweka wapi."

Niliinama haraka niokote jiwe, nianze kupanga mstari mpya, nifanye lolote.

"Usiguse," akaniambia.

Nikaliweka chini. Papa aliinuka. Alivua koti la misa, akalikunja, akaliweka juu ya kiti cha baiskeli yangu, akamwomba mama ruhusa, naye akamkubalia kwa kichwa. Basi mzee yule, ambaye nilimkataza asiguse baiskeli, akaanza kubeba mawe niliyoyapanga mimi, moja moja, ameyakumbatia tumboni, shati jeupe likachafuka na kuchanika kwenye kiwiko. Shefu alionyesha, mama alipokea na kulaza. Mimi nilisimama nimeshika baiskeli mbili, huku na huku, maana pale zilikuwa hazisimami zenyewe. Sikuwa na pa kutazama. Nilitazama mlima, na mlima nao ulinichukiza.

Walipokaribia kumaliza, mama alijinyoosha, akashika kiuno, akamshukuru Papa, akamwombea baraka. Kisha akanitazama mara moja. Wageni waliopita pale na baiskeli za namna ile walizoea kuja na gide, mtu wa kulipwa wa kuwaongoza, na yeye alidhani ndiye mimi. Alimwambia Papa kwamba gide huyu waliyempa pamoja na kinga amrudishe kwao, kwa sababu nchi hii haijui.

Nikafurahi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko mawe yenyewe. Nilisimama pale nikafurahi kabisa kwamba ananidhania mtu wa kukodishwa, asiye na ukoo wala mke, na nikamwomba Mungu Papa anyamaze. Ilikuwa rahisi kwake. Angeitika tu kwa kichwa, tungeondoka, na jina lake lingebaki safi kwa mama yule. Wala nisingemlaumu.

Papa aliweka chini jiwe alilokuwa nalo. Alifuta mikono kwanza.

"Hapana, mama," alisema. "Hii si gide. Ni mutoto wangu."

Mama alimtazama mzee, akanitazama mimi, akarudi kwake. Uso wake ulilegea, kama mtu anayeingia nyumba yenye msiba.

"Pole, papa," alimwambia, akainama kuokota jiwe lililobaki.