Naunga Mkono Hoja

Mtia nia wetu wa urais alipotangaza kwamba angepita Kagera kutafuta wadhamini, tulikuwa vijana sita wa chama pale Rwamishenye tuliojiita wanamageuzi. Tulikutana nyuma ya duka la vifaa vya shule la dada mmoja aliyetuzidi wote kwa umri na kwa sauti. Mimi nilikuwa na shahada ya sayansi ya siasa, sina kazi, na nilikuwa na tabia ya kuuliza swali la nne wakati wenzangu wameshatosheka na la kwanza. Ndiyo maana nikapewa kazi ya kuchunguza rekodi yake ya miaka aliyokaa bungeni.

"Kwamba ni mwenzetu tunajua," dada alisema. "Wewe tuletee ushahidi."

Chama kina utaratibu wake. Anayetaka kupitishwa kugombea urais hukusanya kwanza sahihi za wanachama mikoani. Mdhamini huandika jina, namba ya kadi na tawi lake, na akishamdhamini mmoja haruhusiwi kumdhamini mwingine. Fomu hizo hupita mikono mingi, na kwa wilaya ndogo kama zetu, kabla wino haujakauka watu wanajua nani kasaini kwa nani. Viongozi wa wilaya walikuwa na mtu wao, na huyo hakuwa wetu.

Baba yangu, ambaye nyumbani tunamwita Tata, analima kahawa na migomba Kagoma. Ni mwanachama tangu sijazaliwa, na kanisani ni mzee wa usharika, lakini hajawahi kumdhamini mtu yeyote. Nilipomweleza habari za mtia nia wetu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mimi siwezi kusoma makaratasi yote hayo. Soma wewe. Ukiniambia huyu ni mtu, nitasaini."

Nilijua kilichomvuta. Kila alikosimama, mtia nia alisema kwamba aliipinga bungeni ile sheria ya kuwalazimisha wakulima wauze kahawa yao kwa njia moja tu. Msimu wa kwanza wa sheria hiyo, magunia matatu ya Tata yalishushwa kwenye kizuizi cha barabarani, na hatukuyaona tena. Hakulalamika kwa mtu. Aliacha tu kupita barabara ile, mpaka leo anazunguka.

Nilisoma Hansadi, kumbukumbu rasmi za Bunge, siku tatu mfululizo, kwenye chumba cha kuchapia karatasi Miembeni, nikiwa nimekaa karibu na dirisha ili nione nani anaingia. Jambo la kwanza nililoligundua ni kwamba kura yenyewe haipo. Muswada ule ulipitishwa kwa sauti, wanaosema ndiyo, wanaosema siyo, na kilichobaki kwenye maandishi ni mstari mmoja: hoja iliamuliwa na kuafikiwa. Kama alisema siyo, siyo yake ilizama humo.

Lakini hotuba yake ilikuwepo. Ilikuwa hotuba nzuri kuliko nilivyotarajia. Alieleza habari za mkulima anayeanika kahawa miezi mitatu halafu anapangiwa wa kumuuzia. Aliuliza ni mfanyabiashara gani mwingine nchini anafanyiwa hivyo. Nilimwona Tata ndani ya kila aya. Kisha nikafika mwisho. "Mheshimiwa Spika, baada ya kusema hayo, naunga mkono hoja."

Niliisoma sentensi ile labda mara ishirini. Nikajiambia ni desturi, wabunge wengi humaliza hivyo hata wakiwa wameikaanga hoja tangu mwanzo. Nikajiambia desturi haifuti maana. Nikajiuliza kama aliogopa, na kama aliogopa wakati ule akiwa mbunge tu, akiwa rais ataogopa nini. Halafu nikaanza kuogopa mimi, kwa sababu niliona wazi kwamba nikilisema hili nitaambiwa nimenunuliwa, na nikilinyamazia, Tata atasaini kwa neno langu.

Wenzangu walinisikiliza wakiwa wamekaa juu ya maboksi ya madaftari.

"Sasa wewe," dada alisema, "mtu kahutubia dakika kumi, umeshika sentensi moja!"

"Ndiyo sentensi inayohesabika."

"Waitu, jamani, tukingoja mgombea msafi tutamngoja pamoja na Yesu."

Walicheka wote, nami nikacheka. Mmoja akauliza kama kweli ana nafasi, maana Kagera anapendwa, lakini wajumbe watakaopiga kura mkutano mkuu si watu wa Kagera. Dada akamjibu kwamba nafasi inatengenezwa, haiokotwi. Kisha akanigeukia na kuongea taratibu, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. "Andika hotuba yote, ya kuwasomea watu. Huo mstari wa mwisho uache."

Nikauacha. Sikubishana hata kidogo, na hilo ndilo lililoninyima amani njia nzima ya kwenda Kagoma.

Karibu na nyumbani nilikutana na mwenyekiti wa tawi letu, jirani ambaye kibanja chake kinapakana na cha kwetu. Alinisalimia kwa uchangamfu, akaulizia mjini, kisha akasema, "Nasikia umeitwa kwenye usaili serikalini. Hongera sana. Basi tulia, mwanangu. Huu si wakati wa kuonekana onekana." Alinishika bega. Hakuwa amekasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika. Habari za usaili ule nilikuwa nimewaambia Tata na mama peke yao.

Ijumaa jioni, siku moja kabla ya mtia nia kufika Muleba, nilimkuta Tata akikusanya kahawa aliyoianika uani. Nilikaa kwenye kigoda nikamsomea karatasi yangu. Alikuwa akisita kila aya ilipomgusa, mkono ukiwa ndani ya kahawa. Nilipomaliza aliniangalia.

"Akamalizaje?"

"Ndiyo mwisho, Tata."

"Mimi nasikiliza Bunge redioni tangu wewe hujazaliwa. Wote wana namna ya kumaliza. Huyu alimalizaje?"

Nikamwambia. Aliendelea kukusanya kahawa.

"Aliogopa," alisema.

"Au ni desturi tu."

"Haya, tuseme ni desturi. Wewe uliyesoma yote unasemaje? Ni mtu, si mtu?"

Nikaanza kumweleza kwamba kwa upande mmoja hotuba ina uzito wake, na kwa upande mwingine mazingira ya Bunge—

"Mwanangu, nimeuliza jambo moja."

"Ni mtu," nikasema, na nilikuwa naamini hivyo. Bado naamini.

"Basi kesho utasaini wewe kwanza, mimi nitafuata. Usinitangulize mahali ambapo wewe hujakanyaga."

Sikulala vizuri. Nilikuwa nimemkagua mtu wa watu neno kwa neno, na haikuwa imenijia hata mara moja kwamba jina langu nalo lingetakiwa.

Jumamosi tulifika ofisi ya chama Muleba mapema. Mtia nia alihutubia uani, watu wakapiga makofi, kisha tukapanga mstari mbele ya meza. Mwenyekiti wa tawi letu alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma, akisalimia kila anayepita kwa jina. Aliponiona alitabasamu. Niliangalia kalamu ikipokewa na mmoja mbele yangu, kisha na mwingine, kisha ikaelekezwa kwangu.

"Jina? Namba ya kadi?" karani aliuliza bila kuinua kichwa.

"Kadi nimeisahau mjini," nikasema.

Ilikuwa kwenye mfuko wa shati. Shati lenyewe lilikuwa jepesi na kadi ilionekana wazi. Karani alikuwa anaangalia fomu. Tata, aliyesimama ubavuni mwangu, alikuwa anaangalia shati.

"Na wewe mzee?"

Tata alikuwa ameshaitoa kadi yake. Aliipangusa kwa kidole gumba, akairudisha kwenye bahasha yake, akasema kwa upole, "Tutarudi." Tukatoka, tukampita mwenyekiti, ambaye alimpa Tata mkono.

Njiani alinisimulia habari za fukusi walioingia kwenye migomba ya juu, na kwamba mashina mengine itabidi yang'olewe. Mara tatu nilifungua mdomo nimwambie, na mara tatu nikaitikia tu habari za fukusi. Karibu na Kagoma tukakutana na mzee mwenzake wa usharika, akiwa na kadi mkononi, anaharakisha kwenda kusaini.

"Kasinge, waitu!" alitusalimu. "Nyinyi mmeshamaliza?"

"Bado," Tata alimjibu. "Kadi ya mtoto imebaki mjini."

Aliyasema bila kuniangalia, na mzee mwenzake akamwamini palepale.