Chatu Asiyeukimbia Moto

Nilikuwa na miaka tisa. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tisa, saa nne asubuhi, wanaume wa kijiji chetu, kati ya Kabambare na Salamabila, walipowasha moto kwenye majani makavu nyuma ya shamba la shangazi Feza. Walifanya hivyo kila kiangazi kilipokuwa kikiisha, kisha wakasimama upande wa pili na mikuki kuwangoja simbiliki, wale panya wakubwa wa porini wenye nyama tamu. Sisi watoto tulikaa nyuma yao na fimbo. Moto ulituletea chakula, lakini pia ulikuwa hakimu. Mnyama aliyeukimbia alikuwa mnyama tu. Asiyeukimbia alikuwa na mwenyewe kijijini, mtu aliyemtuma.

Majivu yalipopoa tulimkuta chatu kwenye mdomo wa shimo la zamani la muhanga, yule mnyama mla mchwa. Alikuwa mnene kuliko paja la mtu mzima, na mweusi. Chatu tuliowajua walikuwa na mabaka ya kahawia. Huyu alikuwa kama sufuria iliyokaa miaka jikoni, na ngozi yake haikuwa na jeraha hata moja. Alitutazama, akarudi ndani polepole.

"Moto umepita juu yake, na iko muzima," alisema baba mukubwa, kaka yake baba. "Ule iko na mwenyewe. Mumupige, halafu tutaona nani atalala mugonjwa."

Ndivyo ilivyoaminika: ukimjeruhi nyoka wa mtu, mwenyewe huanguka na homa siku ileile.

Nimesoma biolojia chuo kikuu, na sasa ninaweza kueleza yote, jambo ambalo halinifariji. Jike la chatu hutaga shimoni, hujizungusha juu ya mayai, na hukaa nayo kwa wiki nyingi bila kula. Hutoka tu kuota jua mlangoni, kisha hurudi kuyapa mayai joto alilolibeba mwilini. Kuhusu chatu wa kusini mwa Afrika, ndugu wa karibu wa huyu wetu kama si yeye mwenyewe, imeandikwa kwamba jike katika kipindi hicho hugeuka karibu mweusi kabisa, na weusi huo humsaidia kupata joto upesi. Moto ulipopita, udongo ulimkinga. Hakukimbia kwa sababu alikuwa na mayai.

Walimchimbua wakamuua. Chini yake kulikuwa na rundo la mayai meupe, makubwa kama machungwa, yamegandana. Kisha wakarudi kijijini kutafuta mgonjwa. Hawakutafuta sana.

Shangazi Feza, mdogo wao baba na baba mukubwa, alikuwa amelala kwenye mkeka, anatetemeka chini ya vikwembe viwili, vitenge vyake vya kujifunga. Alikuwa mjane, na hakuwahi kuzaa.

"Kumbe watoto iko nao!" jirani yetu alipiga makofi. "Anawazalia mu shimo!"

Watu walicheka.

"Homa ilimushika tangu Alhamisi," nilisema. "Mimi ndiye nilimuletea maji."

"Nyamaza, mutoto." Mama alinivuta mkono.

Shangazi alijiinua kwa kiwiko. "Kama nyoka ni yangu, mbona hakuniletea hata simbiliki moja? Mwaka muzima nakula sombe tupu, majani ya muhogo!"

Vijana wawili walicheka, safari hii wakiwa upande wake, na kwa muda mfupi niliamini tumepona. Baba mukubwa hakucheka.

"Feza, uende mbele ya jua kuzama. Wakikukuta hapa usiku, mimi siwezi kuwazuia."

Aliondoka kwa pikipiki, amebanwa kati ya dereva na kifurushi chake, homa bado mwilini, kuelekea migodi ya Salamabila. Hakurudi, na hakuna aliyekwenda kumtafuta. Msimu uleule baba mukubwa alipanda mpunga kwenye shamba la shangazi.

Kwa muda mrefu nilidhani kwamba kama mtu mmoja tu pale angejua habari za chatu na mayai yake, shangazi angebaki. Siku hizi sidhani hivyo. Kwamba homa ilianza Alhamisi walikuwa wanajua. Nilikuwa nimewaambia, na wengine walikuwa wamepita mlangoni kumpa pole. Hawakukosa maarifa. Walihitaji mgonjwa, naye alikuwepo, hana mume wala mtoto wa kumsimamia.

Jumapili asubuhi, siku iliyofuata kuondoka kwa shangazi, niliamka na homa. Kichwa kiliuma, meno yaligongana, macho yalichoma. Mama aliuliza kutoka nje kama nimeamka. Nikaitika kwa sauti kubwa. Nilikunja mkeka, nikajimwagia maji baridi usoni, nikachukua ndoo, nikapita mbele ya nyumba ya baba mukubwa nikiimba.