Mjane wa Bigwa Akataa Kuuzima Moto Wake

Jua halijapanda sawasawa juu ya milima ya Uluguru, lakini hapa Bigwa, kando ya barabara iendayo Mkuyuni na Kinole, miguu miwili ya mwanamke imeshachomoza chini ya Landrova. Khanga imefungwa juu ya suruali ya kijeshi iliyopauka. Mara inasikika sauti kutoka huko huko chini.

"Abasi! Hivi wewe unabeba ndizi au unauhamisha mlima wenyewe?"

Abasi, mfanyabiashara anayeteremsha ndizi na machungwa kutoka Kinole hadi sokoni Morogoro, anachuchumaa kando ya gari lake kama mtu aliyepeleka mtoto kwa mganga.

"Ni mawe, Mama Modesta. Mimi nifanyeje?"

"Nunua punda."

Ndivyo anavyozungumza Paskalia Lukasi, fundi wa kuchomelea vyuma, na wateja wake wameshazoea. Umri wake hausemi. Ukimwuliza anakujibu kwamba ana miaka ya kutosha kukuzaa, basi.

Kazi ya leo ni ya mabamba. Chini ya gari, pale springi zinaposhikwa na chesisi, vyuma vya kushikilia vimening'inia, na kila jiwe la njia ya Kinole huanza kugonga hapo. Gari lenyewe ni madhubuti; mawe ndiyo hayana adabu. Paskalia anakata vipande kutoka kwenye fremu ya lori lililokufa, anavikunja, kisha anavichomelea mbele na chini ya vyuma hivyo viwe ngao.

"Bamba lazima liwe na pua iliyoinama," anaeleza akijifuta jasho kwa kiganja cheusi. "Ukiliweka wima kama ukuta, jiwe litaling'oa pamoja na chesisi. Likiinama, jiwe linateleza linakwenda zake. Na chini uache tundu, tope litoke."

Tangi la petroli limefunguliwa na kuwekwa mbali, nyuma ya nyumba. Springi zimevishwa magunia ya katani yaliyoloweshwa maji, kwa sababu springi ikipata moto hulegea, na ikishalegea haina dawa. Binti yake Modesta, mwanamke mzima mwenye mume wake mjini, anayamwagia maji kila yanapoanza kufuka moshi.

Uani hapo limesimama pipa lililojaa viraka. Ndani yake mawe ya kabaidi hukutana na maji yakatoa gesi. Mtungi wa oksijeni huja kwa treni kutoka Dar es Salaam, tena ni wa kukodi. Pipa na bomba la kuchomelea, pamoja na mipira yake, ndivyo vyombo vya Paskalia. Na vyombo hivyo ndivyo vilivyomfanya asilale vizuri wiki hii, maana asubuhi hii ya mwaka 1957 wanakuja watu kuvichukua.

Mumewe, Lukasi, alifariki kabla ya masika. Alijifunza kuchomelea jeshini wakati wa vita, akarudi nyumbani na ufundi wake, akaufungulia karakana hapa hapa Bigwa, kwenye kiwanja cha ukoo wa mkewe. Kiwanja hakina ubishi. Kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, na Paskalia alikipata kwa mama yake, naye kwa mama yake. Hakuna wa kumtoa.

Lakini mila hiyo hiyo iliyompa kiwanja inamnyang'anya vyombo. Mwanamume akifa, vitu vyake huenda kwa wapwa zake, watoto wa dada yake. Siku ya kuanua tanga alikuja Fransisko, mpwa wa marehemu, akachukua nyundo, tupa, koleo, jiriwa ya kubania vyuma na pipa la zamani la gesi. Hili jipya lenye viraka alilipiga teke.

"Pipa la pombe hili," alisema mbele ya ukoo mzima. "Mwachieni mjane, vyombo vya jikoni ni vyake."

Hakufunua kifuniko. Angefunua, angeona bomba la kuchomelea na mipira vimelala humo. Paskalia huviweka ndani ya pipa likiwa kavu, kwa sababu panya wa Bigwa wanapenda mpira kuliko mahindi.

"Nilivificha?" anauliza kwa ukali, na mwandishi wa habari hii anarudi nyuma hatua moja. "Vilikaa humo siku zote! Mtu mwenye macho mawili aambiwe tazama?"

Majuto ni mjukuu. Fransisko alipogundua kwamba nyundo peke yake hazichomelei kitu, alikwenda kushitaki kwa Mzee Stefano, mkuu wa ukoo wa marehemu.

Basi saa tatu wanafika, mzee mbele na Fransisko nyuma akisukuma mkokoteni mtupu. Paskalia anatoka chini ya gari, anapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Poleni na kazi."

"Tumeshapoa. Karibu kiti."

Mzee anaketi. Anamgeukia kijana wake taratibu.

"Fransisko, siku ya tanga ulisema nini juu ya pipa hili?"

"Nilisema... ni la jikoni."

"Ukampa nani?"

"Mama huyu. Lakini sikujua kilichomo!"

"Kilichotolewa mbele ya ukoo hakirudi," anasema Mzee Stefano. "Na kilichomo ndani kimetolewa pamoja nalo. Shauri limekwisha."

Mtu mwingine angepiga vigelegele hapo. Abasi ameshaanza kutabasamu. Paskalia wala! Anaingiza mkono ndani ya gari, anatoa miwani myeusi ya kazi, anaiweka miguuni pa mzee.

"Baba, hapo bado. Sitaki kushinda kwa sababu mtu alikuwa mvivu wa kufunua pipa. Kesho mtasema mjane aliiba kwa ujanja. Nataka mseme kazi hii ni ya nani."

"Ya mjomba!" anaruka Fransisko.

"Mjomba wako alipata mtoto wa jicho macho yote mawili," anasema Paskalia. "Miaka minane hakuona hata kidole chake. Yeye alikaa pale barabarani akizungumza na wateja, mimi nikachomelea nyuma ya uzio wa mabua ili wasinione. Kila kiungo kilichotoka hapa ni changu. Hata pipa hili nililiunga mwenyewe. Nilinyamaza kwa heshima yake. Uzio nimeung'oa leo alfajiri."

"Unamtukana marehemu!"

"Nilimpenda marehemu! Wewe ulikuja kumwona mara ngapi?"

Modesta amesahau magunia, yanafuka moshi. Mzee Stefano anaiokota miwani, anaigeuzageuza.

"Nani alimshika mkono Lukasi kwenda kanisani kila Jumapili?" anasema. "Mimi. Tulijua, Paskalia. Tulimwachia heshima yake, kama ulivyomwachia wewe." Anamrudishia miwani. "Kazi ni yako. Na vyombo vya kazi yako havina mpwa."

Paskalia analia, anacheka, anajifuta kwa mkono na kujipaka masizi uso mzima. Kisha anamwita binti yake karibu, hapo hapo, mbele ya mzee, mpwa na mteja.

"Nyote mna masikio. Vyombo hivi nampa Modesta leo, nikiwa hai, nikiwa na akili zangu. Si siku ya tanga. Leo!"

Anamvisha binti yake miwani. Bamba la mwisho, la nyuma kushoto, linachomelewa na Modesta. Mama yake amelala kando yake mavumbini akimfokea: "Moto usitue sehemu moja! Tembea! Tembea, mwanangu!" Abasi ametazama pembeni, anaogopa cheche, au anaogopa kwa ajili ya gari lake.

Mipango ipo. Baada ya mavuno Paskalia anataka kujenga banda la bati lililotazama barabara, wazi pande zote, magari yote ya Mkuyuni, Matombo na Kinole yapite humo. Na Fransisko akitaka kujifunza, aje na jiriwa ya mjomba wake. Ataanza kwa kumwagia maji magunia, kama alivyoanza Modesta.

"Na andika hivi," ananiambia, kidole kikielekea daftari langu. "Siku nikifa, mtu asije hapa kutafuta nyundo. Waje na rozari, wasali, wale, waende zao. Modesta atakuwa kazini."