Peasi Zisizotaka Haraka

Akiba haiozi, wanasema. Aliyesema hivyo hakuwahi kuweka peasi.

Mimi nazichuma zingali ngumu, na vikonyo vyake. Nazipanga kwenye majani makavu ya migomba juu ya kitanda cha binti yangu, maana chumba chake ndicho chenye baridi kuliko vyote, na tangu aolewe Dar es Salaam hakuna anayelala humo. Peasi isiguse mwenzake. Kila asubuhi nazikagua. Iliyoanza kulainika karibu na kikonyo naila, au nampelekea jirani. Kwa namna hiyo huwa nazo hata wakati sokoni Lushoto hupati tena ya kuonja.

Mwaka jana mti ulizaa sana. Binti aliahidi kuja Pasaka na wajukuu. Mdogo wao sijawahi kumtia machoni. Pasaka ikapita, nikampigia simu.

"Shikamoo mama. Kazi zimenibana jamani. Lakini peasi si zipo?"

"Marahaba. Zipo."

"Basi. Kwako wewe hakuna kinachoharibika. Tutakuja tu."

Nilikasirika, kisha nikaenda kuzikagua. Mwaka ule nilizilinda kuliko mwaka wowote. Jioni nafungua dirisha ubaridi uingie, jua likipanda nalifunga. Nilijiambia kwamba maadamu peasi zipo, ana sababu ya kuja. Mtu mzima na mvi zangu, nikawa nazibembeleza: vumilieni kidogo, wageni wako njiani. Upweke usikie kwa mwenzio.

Zilipobaki za kujaza ndoo moja, nilimpigia tena nikamwambia hizi hazitasubiri zaidi.

"Basi zipakie kwenye basi, mama. Mimi nitazipokea stendi."

Nilitaka kumwambia kwamba sikuziweka ili zisafiri. Badala yake niliingia chumbani kwake. Nikazifunga moja moja kwa gazeti, nikazipanga kwenye ndoo, nikamkabidhi kondakta na kumsihi asiweke mzigo wowote juu yake. Alinicheka, akaniahidi.

Kesho yake simu ikaita. Nyuma ya binti yangu nilisikia watoto wakigombania peasi, na sauti moja ndogo nisiyoijua.

"Mama, zimefika nzima, hata moja haijachubuka! Kumbe safari yote ile tungejisumbua bure."

Nikamwambia namshukuru Mungu zimefika. Nilikuwa nimezifunga vizuri mno.