Kongoi Niliyoimeza Kwenye Seli

Kuna siku naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, na mama yako asinisikie. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati wa mapigano ya makabila, nami nina miaka ishirini na miwili. Sitakudanganya kwamba nilikamatwa nikichuma majani chai kwetu Mogogosiek. Nilikamatwa kwenye mpaka wetu na Wakisii nikiwa na upinde, na ncha ya mshale imevunjikia ndani ya paja langu.

Polisi walitufungia seli moja, sisi na Wakisii tuliokuwa tukipigana nao. Sisi ukuta huu, wao ukuta ule. Kati yao alikuwemo daktari wa upasuaji, Daktari Ombati, mtu mfupi mwenye sauti ya kukwaruza. Yeye hakupigana. Alikamatwa kwa kukutwa akitibu majeruhi nyumbani kwake, nyumba ambayo vijana wa upande wetu waliichoma mara tu alipochukuliwa.

Siku ya pili mguu ulivimba nikaanza kutetemeka kwa homa. Sikusema neno. Unajua kwetu kijana aliyepita jandoni hakunji uso mbele ya kisu, na mimi niliona kidonda ni kisu tu. Ombati aliona suruali ilivyonibana, akavuka seli, akachuchumaa mbele yangu.

Mwenzake mmoja akamwambia, "Daktari, hao ndio walichoma nyumba yako. Ukimshika huyo, usirudi kukaa na sisi."

"Najua walichoma. Nikitoka nitawashtaki," akajibu bila kugeuka. "Saa hii mguu unaoza."

Alimwomba askari wembe mpya, chumvi na sufuria ya maji yaliyochemka. Akaanza kubonyeza paja akitafuta ile ncha. Nikakaza meno, nikatazama dari. Akabonyeza tena, nikatazama dari. Akaacha.

"Kijana, hapa si jandoni. Mimi sina mashine ya picha. Ukinyamaza nitakata nyama nzuri, ile mbaya ibaki, na mguu uende. Nikifika panapouma, piga kelele."

Nilipiga kelele, mwanangu. Nililia mbele ya rika langu, na baadhi yao wakageuza nyuso kwa aibu. Alikata pale nilipolilia, akaitoa ncha, akaosha kidonda kwa maji ya chumvi na kukijaza vitambaa alivyochana kwenye shati lake na kuvichemsha. Siku zilizobaki alikaa peke yake katikati ya seli, maana wenzake hawakumpa nafasi ukutani.

Siku ya nne Wakisii waliachiliwa, na lori likawa linawangoja nje. Ombati alimwomba askari asubiri, akabadilisha vitambaa, akanionyesha namna ya kukiosha kidonda mwenyewe. Lori likaondoka bila yeye. Alipomaliza alisimama, akaniangalia kidogo. Neno letu la shukrani ni fupi, kongoi, na kila Mkisii wa mpakani analijua. Lakini rika langu lilikuwa linanitazama, na nilikuwa nimeshajiaibisha mara moja. Nikageukia ukuta. Akaenda zake kwa miguu.

Baadaye, nilipopata ujasiri wa kumtafuta, niliambiwa alihama na hakuna aliyejua alikokwenda. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, na kidonda chenyewe kilipona zamani.

Kwa hiyo sikiliza. Ukiumia, onyesha panapouma, hata kama anayeuliza ni mtu uliyefundishwa kumchukia. Usidhani kunyamaza ndio uanaume. Mwanaume niliyemwona kwenye seli ile alikuwa mmoja, na hakuwa mimi. Na mtu akikutendea wema mbele ya watu, mshukuru mbele ya watu hao hao, siku hiyo hiyo, wacheke wasicheke.

Mungu akupe maisha marefu, mwanangu. Akukutanishe na watu kama yule, na siku hiyo akufungue mdomo.