Buluu Mgongoni mwa Ng'ombe

Asubuhi ya mwisho waliyokunywa chai pamoja pale Kehancha, kabla mkewe hajapelekwa hospitali Homa Bay akafia huko, mzee alimkuta ameketi mlangoni na rangi zake za maji. Vidole vya mkewe vilikuwa bado na weusi wa utomvu wa tumbaku. Miaka thelathini alichambua majani, ya njano huku, ya kahawia kule, na likichanganyika jani moja tu, fungu zima hurudishwa. Sasa alilowesha karatasi kwanza, akaigusa kwa brashi, akaiacha rangi ikimbie. Mzee hakulizoea jambo hilo. Mkewe alihema kama aliyepanda kilima, na gari la kumpeleka lilikuwa limepiga honi mara mbili. Mzee akaona buluu ya mbingu ikiteremka mgongoni mwa ng'ombe aliyechorwa, akanyakua kitambaa aifute.

“Mama watoto, inaharibika. Na gari linangoja.”

Mkewe akamshika mkono, bila haraka.

“Wacha iende, Baba Mirumbe. Maisha yangu yote nimeambiwa rangi ikae wapi. Hii wacha ijichagulie.”