Gari Lililofungwa Siku ya Safari ya Mama

Pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, mtu akiwa na mgonjwa wa kupeleka Lilongwe, au cherehani, au bibi harusi, alimtafuta Lwaboshi. Huko kwao Bukavu, Kongo, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kambini akawa fundi wa nguo, akaweka akiba miaka mingi, mpaka akanunua gari dogo la kijani kwa mtu wa Nathenje. Udereva ulimpendeza kuliko kazi zote mbili. Akiwa kwenye usukani, watu walimwita chauffeur, si mkimbizi.

Lakini alikuwa na tabia moja. Mjini aliegesha kwenye parkingi ya umma nyuma ya soko bila kulipa. Aliyekusanya ushuru pale alikuwa mama wa Kimalawi wa makamo, mpole, mwenye kizibao cha njano. Lwaboshi alikuwa akimwambia, "Nitalipa nikitoka, mayi," kisha anatoka mama yule akiwa anahudumia wengine. Faini zilipoanza kubandikwa kwenye kioo, alizibandua akazisukuma chini ya zulia la gari. Mkewe, Léoncie, alizikuta siku moja akifagia humo ndani.

"Baba Douce, hizi amende utalipa lini? Dawa ya deni ni kulipa."

"Gari ingali na jina ya yule mutu wa Nathenje," akajibu Lwaboshi. "Batamutafuta yeye."

Léoncie hakucheka.

Mwaka 2014 mama yake Lwaboshi alipata safari ya kwenda kuishi Kanada, pamoja na Benedicte, dada mkubwa wa Lwaboshi, na watoto wa Benedicte. Lwaboshi alifika Malawi baada yao, akiwa na mke na dosie yake mwenyewe ya ukimbizi, kwa hiyo hakuwamo katika safari hiyo. Walingoja safari ile kwa muda mrefu, na ilipokuja ilikuja haraka. Wakaambiwa basi la kuwapeleka uwanja wa ndege litaondoka kambini saa saba mchana.

Asubuhi ya siku hiyo nyumba ya mama ilijaa majirani wakiimba na kuomba. Lwaboshi alisimama mlangoni, funguo za gari mkononi.

"We unaenda wapi tena?" mama akamuuliza.

"Mjini, mama. Kule kuko baridi sana. Ninaenda kukutafutia manto."

"Batanipa hukohuko. Ikala hapa, tukule pamoja."

"Mi ninarudi mbio."

Koti lilikuwa sababu, lakini si yote. Baadaye alikuja kumwambia Léoncie kwamba alishindwa kukaa kwenye mkeka na kumtazama mama yake akifungiwa mizigo.

Lilongwe alilipata koti upesi, zito, la sufu, kwenye mitumba. Aliporudi parkingini alikuta gurudumu la mbele limefungwa chuma. Yule mama wa kizibao alikuwa amesimama kando.

"Pepani, achimwene," akampa pole, kisha akaendelea kwa Kichewa cha polepole ili aeleweke. "Si mimi. Wametoka ofisini na orodha ya magari. Lipa kule, watakufungulia."

Lwaboshi akamweleza habari ya basi na safari ya mama yake. Yule mama akamsikiliza, kisha akamwambia neno ambalo Lwaboshi hakulisahau maisha yake yote: "Kama ni hivyo, liache gari. Panda minibasi sasa hivi. Gari utalikuta."

Alikuwa na nauli. Minibasi za kwenda upande wa Dowa, njia ya kambini, zilikuwa zinaita abiria ng'ambo ya barabara, aliweza kuzisikia. Lakini alilitazama gari, akafikiri litavutwa, litauzwa, atarudi kuwa fundi wa viraka. Akaenda ofisini.

Huko akaanza kubishana. Akasema gari si lake. Wakamwambia, kama si lako, kwa nini unataka lifunguliwe? Akasema yeye ni mkimbizi. Wakamwambia hata wakimbizi huegesha. Alipokubali kulipa, mpokea fedha alikuwa ameenda kula. Akakaa kwenye benchi, koti mapajani, akingoja. Hata hapo angeweza kuondoka. Aliwaza hivyo, akakaa.

Chuma kilipotolewa, saa saba ilikuwa imekwisha kupita. Hakwenda tena kambini, alielekea moja kwa moja uwanja wa ndege. Mlangoni askari akamwambia kundi la Dzaleka limeshaingia ndani. Akaomba apeleke koti tu. Askari akasema haiwezekani. Akasimama kwenye uzio mpaka ndege ikaruka, na hakujua kama ndiyo ile.

Jioni Léoncie alimwambia kwamba mama alikataa kupanda basi mpaka wote wengine walipopanda. Hakumlaumu zaidi ya hapo. Koti alilivaa yeye Léoncie miezi ya baridi, na Lwaboshi hakupenda kuliona.

Tangu siku ile alilipa parkingi kabla hata ya kuzima injini, na madereva wenzake wakamtania kwa hilo. Hakuwaeleza kitu.

Mama alipiga simu kila Jumapili baada ya ibada, na hakuuliza kamwe kwa nini mwanawe hakurudi. Lwaboshi naye kila wiki alipanga kuomba msamaha, na kila wiki wakaongea habari za watoto na bei ya unga. Baadaye akili ya mama ikaanza kupotea. Alimwita Benedicte kwa majina ya marehemu. Siku moja akamwambia Lwaboshi:

"Ile siku ya basi ulivaa chemise ya bleu. Ulinishika mukono, ukaniambia mama, twende polepole. Unakumbuka?"

Lwaboshi akaisogeza simu karibu zaidi na sikio.

"Unakumbuka?" mama akarudia.

"Ninakumbuka, mama."

"Njo maana sikulia."

Benedicte akachukua simu. Alikuwamo ndani ya basi lile, aliangalia barabara dirishani mpaka uwanjani bila kuliona gari la kijani.

"Anabaambia bantu bote hivyo," akasema. "Mi simukatazi."

"Usimukataze, yaya," Lwaboshi akamjibu dada yake.